Duara Jeupe la Shangazi Nkwimba

Jumatatu, 1 Julai

Vipindi vinne mfululizo. Chaki imenikausha vidole. Kidato cha Tano wameripoti nusu, nusu nyingine bado wako makwao wanachambua pamba. Projekta ilikufa Machi na hakuna aliyeizika. Nachora seli ubaoni kwa mkono.

Leo nimefundisha kinesini. Haimo kwenye silabasi. Nimefundisha hata hivyo, kwa Kiingereza, nikafafanua kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kisukuma walipozidi kunikodolea macho. Protini ndogo mno, ina miguu miwili na mkia. Miguu inatembea juu ya nyuzi zilizotandazwa ndani ya seli. Mkia unashika mzigo. Nikawaambia wawafikirie makuli wa ghala la pamba, wale wanaobeba marobota siku nzima.

Msichana mmoja wa Shishiyu akauliza: kuli anajuaje kwamba huu ndio mzigo wake? Swali hilo lilinikalisha maabara Dar es Salaam miaka miwili. Nikamjibu: hajui. Hana macho, hana akili. Mzigo una alama yake, protini nyingine inayokaa katikati kama kishikio cha gunia. Mkia ukikutana na alama unashika, basi, safari imeanza. Kilichomo ndani ya mzigo hakimhusu. Na akikosa mzigo anajikunja, mkia unaifunga miguu, asije akatembea bure akamaliza nguvu za seli. Mmoja wa nyuma akasema kumbe ana adabu kuliko viranja wetu. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka.

Halafu nikamkumbuka Masunga, kicheko kikaniishia.

Mdogo wangu. Miaka ishirini na tisa. Tangu mwaka jana anaburuta miguu kama anatembea kwenye tope la mpunga. Mkewe, wifi yangu Kabula, ana mimba ya kwanza.

Amepiga simu jioni. Baba mdogo Maduhu ameitisha kikao cha ukoo Jumapili, nyumbani Kasoli. Ajenda ni miguu ya Masunga. Ajenda halisi ninaijua. Baba mdogo anatafuta mchawi, na katika kaya yetu mwanamke mzee ni mmoja tu: shangazi Nkwimba, dada wa baba.

Alhamisi, 4 Julai

Sijalala vizuri siku tatu. Nina hasira na watu ambao hata hawajafanya kitu bado.

Naandika alichosema daktari wa Mwanza, nisije nikababaika mbele yao. Tulikwenda mwezi uliopita, mimi na Masunga. Alimgonga goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukaruka kama wa mbuzi aliyeshikwa. Akaushika wayo, akausukuma juu kwa ghafla. Mguu ukaanza kucheza wenyewe. Tap, tap, tap, tap. Masunga akacheka, alidhani ni mchezo. Daktari hakucheka. Akauliza kuhusu baba, kuhusu babu. Nikasema babu alimaliza miaka yake akitambaa. Baba alitembea kwa fimbo mbili, akaanguka kisimani, hakuinuka tena. Baba mdogo Maduhu ana fimbo moja, na kiti hakimwachi.

Akasema ni ya kurithi. Kipimo cha kuthibitisha hakipo hapa. Dawa ya kuiondoa haipo popote. Mazoezi, vidonge vya kulegeza misuli, subira.

Nilikuwa nimekwisha kujua. Ndilo jambo linaloniuma. Nilikaa maabara nikitazama makuli hawa hawa, nikisoma kwamba wakizaliwa na kasoro mizigo haifiki, na sikuwahi kumwaza baba hata siku moja. Nilidhani ni ugonjwa wa vitabu.

Kwa lugha yao nitasema hivi. Amri ya kutembea inatoka kichwani. Inapita kwenye seli moja nyembamba, ndefu, kutoka utosini hadi kiunoni. Chakula na vipuri vya seli hiyo vinatengenezwa juu, lazima vibebwe mpaka mwisho. Kuli akiwa na kasoro, safari fupi anaimudu. Safari ndefu inamshinda. Kwa hiyo mikono iko salama na miguu inakufa. Mwisho wa njia ndio unaolala njaa kwanza.

Hakuna mchawi humo.

Nitawachorea. Mtu akiona kwa macho haelezwi mara mbili.

Jumamosi, 6 Julai

Nimenunua manila mbili na kalamu nene. Nimepiga magoti sakafuni asubuhi nzima.

Nimechora ukoo kama tunavyochora darasani. Mwanaume mraba, mwanamke duara. Mgonjwa anapakwa weusi. Mzima anaachwa mweupe. Babu: mraba mweusi. Chini yake watoto wake watatu. Baba: mweusi. Maduhu: mweusi. Shangazi Nkwimba: duara jeupe. Miaka sabini na kitu, anapalilia, anapanda kichuguu kutafuta kuku wake. Kila mtoto wa babu aliirusha sarafu yake, nusu kwa nusu. Ya shangazi ilianguka vizuri. Ndiyo hesabu yenyewe, wala haina siri.

Chini ya baba tuko wawili. Masunga: mweusi, na mstari chini yake kwa mtoto anayekuja.

Mimi. Niliweka alama ya kuuliza. Nikaifuta. Nikairudisha. Nina miaka thelathini na nne, na ugonjwa huu hauna haraka.

Chati imetoka safi sana. Nimejisifu, naomba nikumbuke hilo. Nilisimama mlangoni nikaitazama nikasema moyoni, sasa watanyamaza.

Jumapili, 7 Julai

Mimi ni mjinga. Nimesoma mpaka nimekuwa mjinga.

Niliondoka na bodaboda saa moja, manila imeviringishwa mgongoni. Kasoli vumbi tupu, magunia ya pamba kila uwanja. Walikuwa kama kumi na watano, wengi binamu wa upande wa Maduhu. Shangazi alikaa kwenye mkeka pembeni, anachambua pamba yake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyekaa naye.

Nikabandika chati kwenye ukuta wa nyumba ya baba. Nikaeleza vizuri. Kwa Kisukuma kitupu, kwa taratibu. Kuli, mzigo, njia ndefu. Nikaonyesha jinsi weusi unavyoshuka kutoka kwa babu. Walinisikiliza. Mzee mmoja aliuliza kama makuli hao wanaonekana kwa macho, nikasema hapana. Akaguna, akasema kumbe na ninyi mnaamini visivyoonekana. Watu wakacheka, nikacheka nao, nikadhani nimewapata.

Maduhu akainuka. Ilimchukua muda. Akaja mpaka kwenye chati akiburuta, akainua fimbo, akaiweka katikati ya duara la shangazi.

"Na huyu, mwalimu, mbona mweupe?"

Nikaeleza sarafu. Nikaeleza tena. Nikasikia sauti yangu ikipanda kama ya mtu anayedanganya.

Hakunijibu mimi. Aliwageukia. Akasema babu mweusi, kaka mweusi, yeye mweusi, Masunga mweusi. Nyumba nzima imeungua, kitanda kimoja hakina hata harufu ya moshi. Mtoto wa marehemu mwenyewe, msomi, ameandika kwa mkono wake. Kisha akauliza, pole pole: miguu ya Masunga alipozaliwa, nani aliikanda?

Nikaondoa mkono kwenye chati.

Kwetu shangazi ndiye humkanda mtoto mchanga. Dada wa baba, kwa samli, kitovu kikishadondoka, na miguu ndiyo hasa, ili atembee mapema. Shangazi alimkanda Masunga. Alinikanda mimi. Alimkanda baba, hata Maduhu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa dada yao mkubwa na shangazi yao aliyestahili kuwakanda alikuwa mgonjwa. Kila mraba mweusi uliozaliwa baada yake umepita mikononi mwake.

Sikuwahi kuliwaza hilo. Wao waliliwaza kwa pumzi moja.

Kikao kikafungwa bila kufungwa. Wakatawanyika mmoja mmoja bila kumuaga. Shangazi aliendelea kuchambua pamba, akiweka safi huku na chafu kule. Nilipotaka kuibandua chati, binamu wawili walikuwa wamesimama mbele yake. Maduhu akasema ibaki. Ni mali ya ukoo.

Jumatatu, 8 Julai

Sikukuu ya Sabasaba imepita, shule imeendelea. Nimewafokea Kidato cha Tano bila sababu. Yule wa Shishiyu alinyoosha mkono, nikamwambia ashushe.

Ijumaa, 12 Julai

Masunga amepiga. Maduhu alikodi bodaboda mpaka upande wa Mwanhuzi, kwa mfumu, mganga anayesifiwa sana huko Meatu. Kwa kawaida mfumu hupasua kuku akasoma maini. Safari hii kuku alinusurika. Maduhu alifungua manila mbele yake, na mfumu akasema kazi imekwisha kufanywa, yeye anatia muhuri tu.

Uganga kwa kalamu nene. Nilipaswa kuvaa vibuyu.

Uamuzi: shangazi atengwe. Asisalimiwe, asipewe moto, asiteke maji wenzake wakiwa kisimani. Mpaka akiri na kuifungua miguu.

Nimemuuliza Masunga yeye anasemaje. Amesema salio linaisha.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda Kasoli baada ya ibada. Watu wa misa ya kwanza walikuwa njiani wanarudi, nguo safi, rozari mkononi. Shangazi alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Wanamuona, wanahamia upande wa pili wa njia. Kabula naye alihama, tumbo mbele. Aliniona nikimwona. Akainamisha uso.

Nikapiga magoti palepale vumbini. "Mwangaluka, shangazi." Kwa sauti, wasikie. Akaitikia, kisha akaniambia niinuke, nitachafua gauni la kanisani.

Anapika kwa kiberiti chake. Chumvi imekwisha. Nilikuwa nimemletea, na sukari na sabuni. Alinikaribisha michembe, viazi vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama yalivyokuwa siku zote, na nikajikuta nayaona kama wanavyoyaona wao, macho ya mchawi. Nikajichukia. Wanamtambua mtu kwa alama iliyobandikwa nje tu. Kilichomo hakiwahusu. Nilifundisha jambo hili wiki mbili zilizopita na darasa likacheka.

Aliuliza nilimwandika nini kwenye karatasi. Nikasema nilimwandika mzima. Akasema hilo ni kosa kubwa kuandika juu ya mtu.

Nikamweleza yote, alivyostahili kuelezwa kabla ya wengine wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakasirika, lakini si kwa nilichodhani. Kwa hiyo unasema ni baba yangu, akasema. Baba yangu ndiye aliyewamwagia watoto wake ugonjwa. Nikasema hakujua, hakuna mwenye kosa. Akasema wewe unataka kuniokoa kwa kumtukana marehemu. Hapo hata Maduhu hajafika.

Nilikunywa chai yake.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye uzio wa minyaa. Alitazama miguu yangu. Akaniuliza kama viatu vinanibana. Nikasema hapana.

Jumatano, 17 Julai

Nimeomba ruhusa, nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Kijana mwenye heshima. Ameandika barua ya onyo kwa Maduhu mbele yangu, akagonga muhuri, akanipa namba ya askari wa kituo. Halafu akaweka kalamu chini akasema, kama ni shangazi yake yeye, asingeisubiri barua. Angemchukua leo.

Sikumchukua leo. Nilitaka kushinda kwanza.

Jumamosi, 20 Julai

Masunga amekuja kwangu Bariadi mwenyewe. Ameshuka kwenye bodaboda kama mzee. Ana chale mpya kwenye magoti na vifundo, zimepakwa dawa nyeusi. Nimemtengea chai, sikumtengea maneno mazuri.

Nilimwambia yeye alikuwapo Mwanza. Alimsikia daktari kwa masikio yake. Anawezaje?

Akasema, dada, daktari wako alisema dawa haipo. Wewe ulisema dawa haipo. Ukachora na mstari chini yangu, mahali pa mtoto wangu, ukasema nusu kwa nusu. Kabula aliuona mstari ule. Mfumu anasema mtu ameufunga na anaweza kuufungua. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?

Nilitaka kumwambia ukweli ni ukweli. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikamtazama anavyoushika mguu kwa mikono miwili ili aupandishe juu ya mwingine, nikamwongezea chai.

Haamini kwamba shangazi ni mchawi. Nina hakika nalo. Anahitaji awe mchawi, basi. Sijui lipi baya zaidi. Nadhani hili.

Amesahau dawa zake za hospitali mezani. Au ameziacha.

Alhamisi, 25 Julai

Kabula alipiga saa nne asubuhi, kwa kunong'ona, simu ya jirani. Wamekuta panga limechomekwa kwenye mlango wa shangazi. Akasema njoo leo, wifi, usiseme kesho. Akakata.

Nikaacha kipindi katikati. Nikampigia askari, akasema anakuja. Nikapanda fuso lililokuwa linakwenda kupakia pamba Kasoli, dereva baba wa mwanafunzi wangu. Hakuuliza maswali. Mungu ambariki.

Shangazi alikuwa amekaa nje, mlango nyuma yake, panga bado limo. Hakuligusa. Alisema si lake. Nikalichomoa, nikalitupa minyaani. Ningempata mwenyewe sijui ningefanya nini.

Vitu vyake: mkeka, jembe, sufuria mbili, kibuyu cha samli, kanga tatu, kuku wanne wamefungwa miguu. Maisha ya miaka sabini hayakujaza hata kona moja ya fuso. Askari alifika tukiwa tunapakia. Akaandika maelezo, akaenda kwa Maduhu kumwonya.

Maduhu alikuwa kwenye kiti chake, chini ya paa la banda. Chati yangu ilikuwa imebandikwa nyuma yake ukutani. Askari alipomwita alijaribu kusimama. Fimbo ikateleza. Miguu ikakataa. Akajaribu tena, akarudi kitini kwa kishindo, na suruali ikapanda nikaona chale zake, nyingi kuliko za Masunga.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilimwona mdogo wa baba yangu hawezi kusimama, nikafurahi.

Shangazi hakufurahi. Alikuwa amekwisha kupanda, akashuka tena. Akamwendea. Binamu wakasogea nyuma kama amebeba moto. Akamwambia jambo moja tu, nililisikia: "Maduhu, ukilala, weka mto chini ya magoti. Baba alikuwa anafanya hivyo."

Njia nzima hakulia. Nililia mimi, dereva akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 2 Agosti

Wiki ya kwanza. Chumba changu kimoja na sebule, watu wawili, kuku wanne. Shangazi hapendi maji ya bomba, anasema yananuka dawa. Hapendi jirani anavyofua chupi akazianika mbele. Hapendi mkaa. Anaamka saa kumi na moja, anafagia uwanja wa watu wote mpaka mwenye nyumba ameona aibu.

Nimesahihisha madaftari. Yule msichana wa Shishiyu amechora kinesini, ameiwekea uso na kilemba. Kichwani robota limeandikwa jina. Chini ameandika kuli hana makosa, aulizwe aliyeandika alama. Sikujua nimpe alama ngapi. Nimempa zote.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nyakabindi kwenye maonyesho. Sisi tumebaki. Shangazi ametengeneza maziwa ya mgando, tumekula na ugali.

Masunga ameanguka tena. Kabula ndiye aliyenieleza. Mchawi ameondoka kwenye kaya wiki mbili sasa, na miguu haijafunguka. Nilidhani watatafakari. Maduhu amesema dawa ya mwanamke yule ni nzito, inafanya kazi hata akiwa mbali.

Hakuna hoja inayomshinda mtu wa namna hiyo. Ukweli wangu unaweza kukanushwa. Wake hauwezi. Ndiyo maana wake unadumu.

Jumanne, 20 Agosti

Kabula amejifungua. Msichana. Mzima, analia vizuri, vidole vyote. Masunga amepiga mwenyewe. Tangu mwaka jana sijasikia sauti yake hivyo. Wamempa jina la marehemu mama yetu.

Nikasema hongera, nikalia kidogo, nikawa nataka kukata. Akasema subiri, dada. Baba mdogo amesema kitovu kikidondoka uje umkande mtoto.

Nilikuwa sijaelewa. Kisha nikaelewa.

Dada wa baba. Ni mimi. Kaya haina shangazi mwingine.

Nimekaa kitandani na simu mkononi, sijui muda gani. Nimegeuza ukurasa wa mwisho wa daftari hili nikachora ukoo tena, mdogo, kwa penseli. Babu. Baba, Maduhu, shangazi. Masunga, mimi. Mtoto, duara dogo, tupu. Miaka thelathini mbele, kama sarafu yake ikianguka vibaya, miguu yake itaanza kuburuta. Watakaa uwanjani. Mtu atauliza ni nani aliyemkanda. Na kama mimi nitakuwa bado natembea wima, mzee, macho mekundu, nimeanguka upande mzuri wa sarafu, nitakuwa nimekaa pembeni nikichambua pamba yangu.

Alama yangu ya kuuliza ikifutwa, mimi ndiye duara jeupe linalofuata.

Nilitaka kusema siendi. Nikamwambia shangazi, yuko jikoni, kwamba siendi, desturi yenyewe ife. Akaendelea kuchochea moto. Akasema mtoto hana kosa. Akasema kama siendi nitakuwa kama wao, nahamia upande wa pili wa njia.

Jumamosi, 24 Agosti

Kitovu kimedondoka jana. Naenda Kasoli kesho.

Leo jioni shangazi amenifundisha. Ametandika mkeka wake sebuleni, amepasha samli kwenye kikombe juu ya maji moto. Amesema kwa mtoto unatumia vidole viwili, lakini kujifunza lazima ujue kwanza inavyohisiwa. Nikalala. Miaka thelathini na nne tangu mikono hiyo inishike. Mikono migumu kama gome, lakini haiumizi. Paja, goti, muundi, kila mguu kutoka juu kwenda chini, huku akihesabu kwa Kisukuma. Nusura nisinzie.

Akafika wayo wa kushoto. Akausukuma juu.

Mguu ukacheza wenyewe. Tap, tap, tap, tap, tap.

Mikono yake ikasimama. Alimkanda baba, Maduhu, Masunga. Alijua kabla ya Mwanza. Nadhani alijua tangu siku ile kwenye minyaa, aliponiuliza kuhusu viatu. Akaushika mguu kwa viganja vyote viwili, akaushikilia mpaka ukatulia, kama mtu anavyomshika kifaranga.

Naandika kama ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Huzuni imekuja baadaye, iko hapa sasa. Cha kwanza kilikuwa kupumua. Nilipumua. Nikawaza: basi mimi hawatanishuku.

Shangazi akauliza kama aendelee. Nikasema aendelee. Akachovya vidole kwenye samli, akaanza tena juu.

Nimeosha kikombe. Kibuyu nimekifunga kwa kitambaa safi, nimekiweka kwenye mfuko wa kesho, pamoja na chumvi na kanga ya Kabula. Shangazi amelala. Nje mwenye nyumba anafagia uwanja.